Msimu wa Kilo Thelathini

Watu wengi hawapendi harufu ya breki zilizoungua, na siwalaumu. Inakwaruza koo na kukaa kwenye nguo. Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama kando ya barabara kuu pale Changamwe, nikisubiri lori moja refu lipite nivuke niende kazini, dereva wake akafunga breki ghafla kwa sababu ya mbuzi. Mbuzi alipona, akaenda zake bila hata kugeuka. Mimi ndiye niliyebaki pale, mtu mzima na mkoba wangu, nimefumba macho navuta hewa puani kama niliyepita dirishani kwa jirani anayepika pilau. Mama mmoja aliyebeba kikapu cha mchicha akanishika mkono. "Dada, una kizunguzungu?" Nikamwambia sina, nimemkumbuka mtu tu.

Baba alinuka hivyo Jumatatu nyingi, mwaka niliokuwa darasa la tatu. Nyinyi wa rika langu mna harufu zenu za baba: sabuni ya kunyolea, sigara, jasho la bandarini. Yangu mimi ni breki, na nikiisikia husimama nilipo, mpaka leo, kabla sijakumbuka kwa nini.

Alikuwa fundi wa magari kwenye gereji moja hapo hapo Changamwe, jina lake Katana, na tulikaa Chaani kwenye vyumba viwili vya kupanga, yeye, Mama na mimi. Sikuwa na ndugu. Gari letu lilikuwa dogo, jeupe, la milango minne. Lilifika kutoka Japani likiwa limebondeka ubavu mzima na hakuna aliyelitaka, Baba akalichukua kwa bei ya kutupa, akalinyoosha mwenyewe kidogo kidogo mpaka usingejua ni ubavu upi ulioumia. Jumapili tulikwenda nalo kanisani. Baba kwenye usukani, Mama kushoto kwake, mimi nyuma ya Mama. Baada ya ibada tulipitia Port Reitz, mahali ambapo ndege hushuka chini chini kabla ya kutua, Baba akazima injini, tukala kachiri za muhogo kutoka mfuko wa karatasi huku Mama akitukataza kufuta mafuta kwenye viti. Kiti cha nyuma chote kilikuwa changu. Nilikipanga kama chumba: huku mwanasesere, huku Biblia ya Mama, huku mimi.

Habari za mbio zililetwa na tajiri mwenye gereji. Kule bara, alisema, kulikuwa na mashindano ya magari ya kawaida, raundi sita kwa msimu mmoja, naye alikuwa hajaona mtu anayeendesha gari kama Katana anapolijaribu la mteja. Yeye atatoa mafuta na magurudumu, Baba atoe gari na mikono yake. Mashindano yale yalikuwa na sharti moja kubwa, na Baba alilipenda mno hata akawa analirudia kwa kila mgeni aliyeingia kwetu.

"Si gari la mbio hili," alisema. "Ni gari la watu. Lazima liwe lile lile linalouzwa, lile mtu analopelekea wanawe shule. Bodi ile ile, injini ile ile. Ukileta la kutengenezewa mbio, wanakufukuza."

Mimi nilisikia hapo pa kupeleka watoto shule, nikapaweka akiba.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kutoka dukani na sukari nikakuta viti vya gari viko uani, vimepangwa juu ya simiti kama wageni ambao hawajaambiwa karibu. Kilikuwapo cha Mama, na kile kirefu cha nyuma. Baba alikuwa ndani ya gari, miguu nje, anang'oa zulia.

"Baba, viti vimeharibika?"

"Havijaharibika, mwanangu. Navitoa tu, viti wanaruhusu. Gari likiwa jepesi ndiyo linakimbia."

"Na sisi tutakaa wapi?"

Akatoa kichwa, uso umejaa vumbi, akanitazama kana kwamba swali lile halikuwa kwenye hesabu zake. "Msimu ukiisha navirudisha. Raundi sita tu, Dama. Zitaisha hata hujajua."

Chake hakukitoa. Hilo nililiona papo hapo, na kwa miezi mingi sikuona kitu kingine. Mama alitoka jikoni, akaviangalia viti, akamwangalia mumewe, akasema, "Haya. Vitanyeshewa," kisha tukasaidiana kuviingiza ndani. Kile cha nyuma kikawa kochi letu. Mama akakitandikia kitambaa alichofuma mwenyewe, na majirani wakija wanakaa, wanadundadunda kidogo, wanakisifu. Mama alipokea sifa zile kwa mdomo uliobana.

Utaratibu ukawa huo. Kila raundi ikifika, Ijumaa gari lilipakiwa kwenye lori na Baba akaondoka nalo. Jumatatu alirudi na ile harufu. Siku za katikati, akimaliza magari ya wateja, alibaki gereji kulishughulikia lake mpaka mimi nimeshalala. Mama alishona kwenye kiwanda cha nguo, na msimu ulipoanza kukaingia oda kubwa, ikawa anafika nyumbani saa moja jioni, Jumamosi pia. Mimi nilikuwa na ufunguo uliofungwa kwa uzi shingoni. Nilitoka shule saa tisa na nusu, nikafungua mlango, nikala kilichofunikwa, kisha nikaenda kukaa kwenye kiti cha nyuma, upande wangu ule ule wa kushoto, nikitazama ukuta.

Nilisafiri sana kwenye kiti kile. "Tunapita Kibarani sasa," nilisema kwa sauti nzito ya Baba. "Fungeni madirisha, jamani, harufu ya jaa," nilijibu kwa sauti ya Mama. Mimi mwenyewe sikuwa na maneno katika safari zile. Nilikuwa nikisikiliza wazazi wangu wakizungumza. Ndege ikipita juu ya mabati nilinyamaza kuwaachia nafasi ya kuitazama. Watoto wa vyumba vingine pale ploti walicheza nje, na walinikaribisha, sitawasingizia, lakini ikifika saa kumi na mbili kila mmoja aliitwa kwa jina na mtu wake. "Kadzo! Karisa! Njooni muoge!" Nilichukia kuwa wa mwisho pale nje, mtu ambaye haitwi, basi nikawa naingia ndani mapema ili isionekane.

Nilikuwa mpweke. Sasa naweza kuliandika neno hilo bila haya. Wakati ule sikulijua. Kilichokuwa kinanisumbua kilikaa tumboni, chini kidogo ya mbavu, kilianza kila siku saa kumi na kikazidi kadiri jua lilivyoshuka, kwa hiyo nilidhani ni njaa.

Raundi ya tatu Baba alishinda. Aliingia jioni ya Jumatatu ameshika kikombe kidogo cha rangi ya dhahabu, akakiweka juu ya televisheni, Mama akapiga vigelegele hasa, na mimi nikarukaruka. Tulikula biskuti na soda. Kwa nusu saa tulikuwa watu watatu tena. Kisha nikaenda kupanga vitabu vyangu kwenye mkoba chumba cha pili, na kupitia pazia nikasikia sauti ya Baba imebadilika.

"Lakini wameniongezea kilo thelathini."

"Kilo za nini?"

"Za ushindi. Ukishinda unabeba, mpaka msimu uishe. Wanazikaza pale sakafuni, palipokuwa na kiti chako."

Mama akacheka kicheko kifupi. "Yaani mimi nimetolewa, wakaingizwa kilo thelathini."

"Mama Dama, ni sheria ya mbio."

"Nimesikia. Sheria ya mbio."

Nilisimama nyuma ya pazia na daftari la hesabu mkononi. Mimi nilielewa kila kitu. Wazee wa mashindano, ambao niliwafikiria kuwa watu wenye mvi na miwani kama wazee wa kanisa letu, walikuwa wamelichungulia gari la Baba. Walikuta ni gari la watu, kama sharti linavyosema, lile la kupelekea watoto shule, ila ndani hamna watu. Walijua ametuacha. Ndipo wakamwamuru amrudishe mtu mmoja, mtu wa kilo thelathini, akae pale pale kwenye kiti. Mama hakuwa wa kilo thelathini. Mama alikuwa na mwili wake. Katika nyumba yetu ya watu watatu, kilo thelathini angeweza kuwa nani tena?

Sikumwuliza mtu. Furaha yangu ilikuwa kubwa mno hata nikaogopa kuitoa nje ikaharibika. Niliona nitakuwa naondoka na Baba Ijumaa na kurudi naye Jumatatu, na mimi pia nanuka breki, na akinizoea pale mbele hatavumilia tena kusafiri bila mimi. Kitu kimoja tu kilinitia wasiwasi. Sikujua mimi ni kilo ngapi.

Njia ya kutoka shule ilipita mbele ya uwanja wa vyuma chakavu wa Mama Mueni, Mkamba mmoja mnene, mkali, aliyenunua kila kitu kuanzia masufuria yaliyotoboka hadi milango ya malori. Alikuwa na mizani kubwa ya chini, ile ya kusimama juu yake. Nikamwamkia, nikamwomba anipime.

"Nikupime kwani wewe ni chuma?" akasema, lakini akasukuma vyuma kando kwa mguu. Nikapanda. Sindano ikatetemeka. "Kilo ishirini na sita. Shuka sasa, unaniharibia mizani."

Ishirini na sita. Nilitembea hadi nyumbani nikijilaumu. Ndiyo maana hajaniambia, niliwaza; anajua sijafika, hataki kunivunja moyo. Zilibaki kilo nne na raundi tatu.

Basi nikala. Nawaambia nilikula, tena nilikula kama mtu aliyeajiriwa. Chakula kilichofunikwa nilikimaliza na kukwangua sufuria. Ugali wa jana uliobaki kwa ajili ya chai ya Mama nilikula mkavu, kwa chumvi. Nilimbembeleza muuza viazi karai pale kona anipe vile vilivyovunjika. Shuleni nilimalizia uji wa wenzangu wasioupenda. Kila jioni saa kumi, kile kitu cha tumboni kilipoanza, nilikaa kwenye kiti changu nikakijazia mihogo, nacho hakikutulia hata mara moja, na hilo lilinishangaza kwa sababu tumbo lenyewe lilikuwa limejaa hadi linauma.

Mama aligundua unga unaisha kabla ya siku zake. Akanivuta chini ya taa, akanivuta kope za macho, akanitazama ulimi. "Huyu ana minyoo," akatoa hukumu. Nikanyweshwa dawa chungu ya minyoo mbele yake, na siku mbili nikakaa kwa hofu kwamba itanipunguza.

Kwa Mama Mueni nilikwenda kila Alhamisi. Alifoka kila mara, na kila mara alisukuma vyuma kando. "Umerudi tena? Hii kilo yako iko na nini?" Nilimwambia ni siri. Ishirini na saba. Ishirini na nane. Wiki moja alinikuta na jiwe kwenye kila mfuko wa sketi, akaniteremsha, akayatoa, akayatupa kwenye rundo la vyuma, kisha badala ya kunifukuza akanikalisha kwenye kiti cha basi lililovunjwa na kunipa kipande cha kiazi kitamu kutoka kwenye sufuria yake mwenyewe. "Kwenu hakuna mtu saa hizi?" Nikatikisa kichwa. Akaendelea kupima vyuma vya watu, nikakaa pale mpaka karibu saa moja, na hiyo ndiyo jioni moja ya mwaka ule ambayo sikuona njaa.

Raundi ya nne Baba alikuwa wa tatu, ya tano wa pili. Ya mwisho ilikuwa ifanyike kwetu pwani, kule Bamburi, kwenye uwanja uliosawazishwa ndani ya machimbo ya zamani na kutiwa lami, na kabla yake Mama alinieleza mambo yalivyokaa, akiwa anakunja nguo, bila kunitazama. Kulikuwa na tajiri mwingine, wa Nairobi, mwenye magari mengi ya mbio. Alikuwa amemwambia Baba kwamba akiwa bingwa wa msimu, atamwajiri awe dereva wake, akae kule kule.

"Kwa hiyo Baba akishinda atahama?" niliuliza.

"Ataitwa," Mama akasema. "Kuhama sijui."

Nadhani alitaka kunitayarisha. Mimi hata sikushtuka. Kama nitakuwa nimekaa pale mbele kwenye gari, atakakoitwa Baba na mimi ndiko nitakakofika. Alhamisi ile nilimeza maji vikombe vitano, nikavaa viatu vya shule, nikapanda mizani. Mama Mueni aliinama, akafuta kioo kwa kidole.

"Thelathini," akasema. "Haya, umepata. Sasa uniambie ni ya nini."

"Ni ya kwenda na Baba."

Akaacha kufuta kioo, akanitazama. Baba yangu alikuwa amenunua vyuma vya zile kilo thelathini kwake, vipande bapa vilivyopimwa juu ya mizani ile ile, karibu miezi mitatu kabla, na nina hakika ndipo alipoziweka hesabu mbili pamoja. "Ngai," akamtaja Mungu kwa Kikamba, taratibu. Halafu akajitia kutafuta kitu kwenye rundo.

Jumapili ya mbio nilivaa gauni la kanisani. Niliweka kanga moja ya Mama, mswaki na daftari kwenye mkoba, nikamwambia Mama ni vitu vya kuchezea. Baba alikuwa ametangulia tangu jana. Tulifika Bamburi jua limeshakuwa kali, vumbi jeupe la machimbo limepaka mivinje yote, na watu wamejaa kwenye tuta wakiwa na miavuli. Nilitegemea kuona magari ya ajabu. Nikaona magari ya walimu na wachungaji, yale yale, yamebandikwa namba ubavuni. Letu lilikuwa namba kumi na saba. Mama alitafuta kivuli, nami nikapenya kwenye kamba hadi mafundi walikokuwa, mkoba mgongoni.

Baba alikuwa amechuchumaa, anapima upepo wa gurudumu. Mlango wa kushoto ulikuwa wazi. Nikachungulia ndani: vyuma viwili bapa, vimepakwa rangi nyeusi, vimekazwa sakafuni kwa nati kubwa, pale pangu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama! Umekuja kunitazama?"

"Toa hivyo vyuma," nikamwambia. "Mimi sasa ni kilo thelathini. Nimepimwa."

Hakuelewa. Nikamweleza, haraka haraka, kwamba nilisikia siku ile, kwamba wazee wa mbio wamesema arudishe mtu, kwamba nilikuwa ishirini na sita lakini nimekula. Fundi mmoja aliyekuwa nyuma yangu akapasua kicheko. Wa pili akamfuata. "Katana, mtafutie binti helmeti!" Na Baba akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye grisi, na kuacha mstari mweusi shavuni. Halikuwa jambo baya. Hata mimi leo nikisimulia huwa nacheka hapo.

Kisha akanishika mabega. "Sikiliza, Dama. Hizi kilo si nafasi ya mtu. Hizi ni adhabu. Nilishinda, ndipo wakanifunga mzigo ili wenzangu wanifikie. Hakuna dereva anayezitaka hizi. Ningeruhusiwa kuzitoa, ningezitoa sasa hivi."

"Kwa hiyo mimi nikiingia, nitakuchelewesha?"

"Lazima. Kila kilo inachelewesha."

Alinijibu kama fundi anavyojibu. Nilimwuliza habari za gari, akanijibu habari za gari, na sidhani alijua kwamba yule mtoto aliyesimama mbele yake na gauni la kanisani alikuwa ameuliza kitu kingine. Akanibana shavu, akaniambia nirudi kwa Mama, mbio zinaanza. Nikarudi. Mkoba ule ulikuwa na kanga, mswaki na daftari tu, lakini niliusikia unavuta mabega njia nzima.

"Umemwona Baba?" Mama akauliza.

"Nimemwona."

"Mbona umeshika tumbo?"

"Nimeshiba," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo tangu mwaka uanze.

Mbio zenyewe ziliniingia jicho hili zikatokea lile. Magari yaliunguruma, yakapotea nyuma ya ukuta wa machimbo, yakatokea tena. Watu wa Mombasa walimjua wa kwao ni yupi, na kila namba kumi na saba ilipopita walinyanyuka. Na mimi, niliyekuwa nimeomba miezi mitatu kuwa ndani ya gari lile, nilijikuta namwombea Baba kitu kipya kabisa: kwamba zile kilo zisimkamate. Nilikaza macho kwenye ule upande wa kushoto ulioinama kidogo kila kona, nikaona wazi, au nilidhani naona, jinsi uzito unavyomvuta nyuma. Alimaliza wa pili. Nafasi ya pili ilitosha kwa pointi za msimu mzima. Walimbeba juu juu, bingwa wa msimu, na yule tajiri wa Nairobi akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Mama alisimama akapiga makofi. Alipiga polepole, hata wote walipoacha yeye alikuwa bado anapiga.

Sina kesi na Baba. Niseme hivyo kabla sijafika mwisho, maana najua wasomaji wengine wameshakunja ndita. Hakuwahi kunipiga, hakuwahi kutunyima, na huko alikokwenda alipiga simu kila Jumapili kwa miaka, hata pale simu zilipokuwa hazina la kusema. Alipenda kitu kimoja kwa roho yake yote, na kitu hicho kilimpenda pia, jambo ambalo watu wengi hatulipati. Alisema akishatulia atakuja kutuchukua. Nadhani aliamini. Mama hakuamini, lakini alimfungia mahamri.

Aliondoka wiki tatu baadaye, asubuhi ya Jumamosi. Lori lilisimama barabarani mbele ya ploti, gari letu limepanda juu, limefungwa minyororo. Dereva wa lori alichungulia ndani ya nyumba akauliza kama viti navyo vipakiwe. "Viache," Baba akasema, "gari linaingia msimu mwingine." Majirani walitoka kumuaga bingwa wao. Aliwashika mikono wote, akasimama na Mama pembeni ya ukuta, wakasemezana maneno machache ambayo sikuyasikia, kisha Mama akaingia ndani.

Mimi nilikuwa nimesimama langoni. Mbele, ndani ya lori, ukitoa Baba na dereva palibaki nafasi ya mtu mmoja. Niliipima kwa macho mara moja, nikayaondoa.

Baba akaja, akachuchumaa, akanipitisha mikono chini ya makwapa. Hakuwa amenibeba mwaka mzima. Akaninyanyua, akaguna, akayumba nusu hatua nyuma, akacheka kwa mshangao.

"Lo! Dama! Umekuwa mzito hivi lini?"

Niliona ameshaanza kutazama lori juu ya bega langu, na injini ilikuwa inanguruma. Nikamkumbatia shingo ili maneno yangu yafike sikioni.

"Nitapungua, Baba," nikamwambia.